Ufunguo wa Darasa la Nne

Mlango niliufunga mimi.
Hilo liandikwe kwanza, kabla ya mengine,
maana taarifa ya wilaya ilisema wazazi walivamia shule
na hakuna aliyeuliza komeo lilisukumwa na nani.

Ilikuwa Jumanne. Nesi Perpetua alikuja na pikipiki,
na kopo la vidonge, na kijiti chenye alama:
mtoto anasimama, utosi ukigusa mstari,
mstari ndio usemao viwili, vitatu, vinne na nusu.
Kijiti kilipima urefu. Njaa hakikuipima.
Saa nne Semkae akatapika juu ya daftari la hisabati,
wa pili akaketi sakafuni, wa tatu akaanguka,
na uvumi ukatoka dirishani bila kuaga,
ukafika mashamba ya katani kabla sijapata maji:
wanawaua, wanawafunga uzazi.

Nikafunga. Nilidhani nalinda.
Bi Mwanamvua alifika na kisu cha kukatia katani,
si kwa vita, ndicho tu alichokuwa ameshika,
akapita dirishani, mtu mzima, kanga ikichanikia kwenye nondo,
akamtia Semkae kwapani
akaniangalia.
Hakunitukana.
Laiti angenitukana.

Mwaka mzima kijiti kililala kabatini.
Mwaka mzima watoto walishuka Zigi, kuoga, kufua, kuteka,
na konokono, mdogo kuliko punje ya choroko,
hakukosa kazini hata siku moja.
Nyuma ya choo wavulana walikojoa wekundu
wakapongezana: tumeshakuwa wanaume.
Niliwasikia. Chuoni nilifundishwa maana yake.
Nikachukua chaki, nikarudi kwenye sehemu na desimali.

Kwa Bi Mwanamvua nilikwenda jioni, sina karatasi mkononi.
Alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta.
"Mliwapa nini kabla ya dawa?"
"Hatukuwapa kitu."
"Mwalimu, hata mbuzi hunyweshwi dawa na njaa."
Ungo ukapanda, ukashuka. Makapi yakanijia usoni.
"Na sisi je, nani alitwambia?"

Kikao kikakaa korona, zamu ilipokwisha,
watu juu ya marobota, nyuzi zimewaganda nyweleni.
Kiligombana mpaka taa zikawashwa.
Mahindi ya nani, sukari ya nani, kuni nani atakata,
na kwa nini mke wa mwenyekiti ndiye ashike akiba.
Mhina, fundi wa mashine, asiye na mtoto shuleni,
akauliza choo chetu kina matundu mangapi.
Matatu, nikasema. Watoto mia nne na kumi.
Akavua kofia, akaikung'uta gotini, akaivaa tena.
Jumamosi yake alikuja na sururu, na wanawe wa kaka.

Sasa ni Jumanne nyingine.
Sufuria ni la msiba, limeazimwa msikitini,
kuni ni za katekista, na bado wanabishana ni mbichi.
Uji kwanza. Mwalimu kwanza, amesema Bi Mwanamvua,
nikanywa mbele yao wote, ukaniunguza ulimi.
Kijiti kakishika yeye. Anawanyoosha watoto migongo,
anasoma mstari kwa sauti, na Perpetua anahesabu vidonge.
Semkae ametapika tena. Safari hii uani,
mama yake kamsukutua, kamfuta, kamrudisha foleni.

Nilimpa ufunguo wa darasa.
Akaugeuza kiganjani, akauliza wa nini,
kisha akafungulia nao kopo la sukari
lililokuwa limekaza kifuniko.

Watoto sita hawakuja. Ng'ambo ya mto bado wanasema tunafunga uzazi.
Na konokono yupo, na Jumamosi jua litakuwa kali,
na maji, mnayajua maji.
Kesho, akisha kuosha sufuria,
Bi Mwanamvua atavuka.
Amesema nije naye, nibebe mwiko,
na nikifika nisianze kuongea mimi.